Daftari la Theluji

Odindo amepika barafu miaka ishirini na nane
katika kiwanda cha samaki kule Obunga.
Nasema kupika, maana jioni alirudi
akinuka amonia na mbuta,
vidole vimekufa ganzi, akishika kikombe cha chai
kwa viganja viwili, kama mtoto.
Sasa amestaafu. Ungedhani anataka jua.

Anataka kuiona barafu isiyotengenezwa na mtu.

Awuor wetu, muuguzi huko Austria,
alituma ramani ya mahali penyewe:
mlima mmoja umejaa mistari
kama mguu wenye mishipa iliyovimba.
Buluu ya wanaojifunza,
nyekundu ya wenye magoti,
nyeusi ya wasiomwogopa Mungu.
Lifti themanini na nne. Nimezihesabu kwa kalamu.
Kisumu hapa nimewahi kupanda tatu,
na moja ilitukwamisha na maiti ya mbuzi wa harusi
hadi saa kumi.

Ninayeandika ni mimi, kwa sababu yeye anaota.
Ukurasa wa kushoto: viza, ndege, bima ya mifupa,
chumba chenye mkate wa asubuhi,
mwalimu wa kutufundisha kusimama.
Ukurasa wa kulia: tulicho nacho.
Tiketi ya lifti, siku sita, watu wawili,
niliipima kwa mbuzi, ikakataa.
Niliipima kwa ng'ombe wa gredi, ikakubali,
ikaomba na ndama.

Ng'ombe mzima, nikamwambia, apae mlimani kwa waya
ili wewe ushuke kwa makalio?
Akacheka. Kuteleza si kuanguka, Apondi.
Aliyetunga hiyo, nikasema, hakuwa na miaka sitini na moja.
Tena mgeni ni siku mbili;
ya tatu huko watatupa koleo, tufukue mlango.

Hakujibu. Mvua ikinyesha siku hizi
anapanda Riat na viatu vya mpira,
anashuka na udongo mwekundu mgongoni kote.
Yeye hasemi, nami siulizi. Nafua.

Jumamosi tulikwenda Kibuye.
Nerima alikuwa anafungua bunda jipya,
akavuta jaketi la rangi ya machungwa,
nene kama godoro. Mia nane.
Nikamshusha hadi mia tano na hamsini.
Tulipofika nyumbani ndipo nikaona kwenye zipu
kadi ndogo imening'inia kwa uzi wa plastiki:
tarehe ya Februari, mwaka umefutika,
na mchoro wa mlima.
Kumbe jaketi limeshafika huko na kurudi.
Sisi ndio tumebaki.

Kadi nimeibandika katika daftari, ukurasa wa kulia.
Sijui kwa nini wa kulia.

Jana alipita kiwandani kuaga wenzake
(amewaaga mara nne)
akarudi na gunia linalochuruzika.
Akaimwaga barafu ya kusagwa katika karai la kufulia,
nyuma ya nyumba, kati ya sukuma na kuku.
Vua ndala, akasema.
Ilinuka mbuta kidogo.
Niliwaza juu ya magoti yangu, juu ya ng'ombe,
juu ya nani atawafungia kuku siku sita hizo.
Kisha nikaingia.

Yeye kashika simu, anahesabu sekunde kwa sauti,
jaketi la machungwa amelivaa, jua la saa nane,
jasho linamtiririka hadi kwenye kidevu.

Mama Khavere akachungulia juu ya ua.
Pole, jirani. Ni baridi yabisi?

Ni Austria, nikamjibu, meno yakigongana,
thelathini na tisa, arobaini,
na sikutoka.